Mita mia mbili, franka elfu moja: nani analipia mpaka wa zoni ya transporti?

Popote bei ya transporti inapopangwa kwa zoni, kuko nyumba ambayo inakuwa ya mwisho ndani, na nyumba ingine ambayo inakuwa ya kwanza inje. Kati ya hizo nyumba mbili pengine ni shamba la ndizi tu. Wakaaji wake wanachota maji pamoja, watoto wao wanasoma darasa moja, lakini asubuhi wakikamata moto kwenda sokoni, mmoja analipa bei ya mji na mwingine analipa bei ya inje ya mji. Mara nyingi ni mara mbili.

Yule wa inje akiuliza sababu, jibu ni fupi: "Wewe umeshavuka." Amevuka nini? Nani alipiga ule mstari, na kwa nini ulipita kwenye lango lake? Haya maswali yanaulizwa Mangina, Beni na Butembo, na vilevile Kinshasa, Kigali, Dar es Salaam na hata Ulaya. Mpaka lazima uwe mahali fulani, na hakuna mji uliopata mpaka usioumiza mtu. Lakini kuko miji iliyopata namna ya kupunguza maumivu.

Njia tatu za kupanga bei

Njia ya kwanza ni bei moja. Kila mtu analipa sawa, aende karibu ao mbali. Ni rahisi, haina mabishano, na mpaka ndani ya mji hauko. Ubaya wake ni kwamba anayeshuka kwenye kituo cha pili anamsaidia kulipa yule anayeenda mpaka mwisho.

Njia ya pili ni kulipa kwa kilometa. Anayetembea kidogo analipa kidogo. Hii ndiyo inaonekana ya haki zaidi, lakini inaomba kipimo ambacho kila mtu anakiamini: mashini, kadi, ao karatasi ya vituo vyote na bei zake. Tena inamlemea aliye mbali, na aliye mbali mara nyingi ndiye aliyekosa pesa ya kupanga nyumba karibu na soko.

Njia ya tatu ni zoni. Mji unakatwa vipande: ndani ya kipande kimoja bei ni moja, ukivuka unaongeza. Zoni ziko katikati ya zile njia mbili. Si ngumu kama kilometa, na hazimfunikii kila mtu kama bei moja. Lakini shida yote ambayo kilometa ingegawanya kidogo kidogo njiani, zoni zinaikusanya na kuiweka mahali pamoja, yaani kwenye mstari. Anayekaa mbali na mstari haioni. Anayekaa kando yake anaibeba kila siku.

Zoni zisizoandikwa

Huku Mabalako hakuna basi kubwa za mji zenye tiketi. Watu wanakamata moto, taksi ao minibasi, na mtu anaweza kusema habari ya zoni haiwahusu. Lakini zoni ziko, ila hazikuandikwa. Kwenye parkingi motari anajua: mpaka pale ni kosi moja, kupita pale ni kosi mbili. "Pale" pengine ni daraja, pengine ni kona, pengine ni barieri, pengine ni mahali ambapo barabara inaanza kuwa na matope.

Kwenye barabara kubwa, zoni inakuwa jina la mji wa mwisho. Kutoka Butembo mpaka Beni ni karibu kilometa 54. Maboya na Kabasha ziko katikati ya njia. Mwenye kushukia katikati anaweza kusikia bei ya Beni, kwa sababu shofere anauza kiti mpaka Beni. Ni vile vile kwenye njia ya Beni na Mangina, karibu kilometa 30, na ile ya Beni na Kasindi, karibu kilometa 80: anayekaa kwenye kijiji cha katikati anasafiri nusu ya njia kwa bei inayokaribia njia nzima.

Ile mistari ya nauli haifanani na mistari mingine ambayo wakaaji wanaijua. Zoni ya afya ya Mabalako, ambayo jina lake lilijulikana dunia nzima Ebola ilipotangazwa tarehe 1 mwezi wa nane 2018, ina Mangina ndani yake. Wakaaji wake ni watu wa zoni moja mbele ya daktari. Lakini mbele ya motari, mgonjwa anayetoka kijijini kwenda hospitali anaweza kuwa amevuka mipaka miwili bila kutoka katika zoni yake ya afya. Komini ina mpaka wake, kijiji kina mpaka wake, parkingi ina wake. Kila mstari ulipigwa kwa kazi yake, na ule wa parkingi haukupigwa ukimfikiria mgonjwa.

Hesabu ya nyumba mbili

Chukua hesabu ya mfano, isiyo ya mji wowote. Ndani ya mpaka, moto ni franka 1,000. Inje ya mpaka ni franka 2,000. Mama wa kwanza anakaa kilometa 6 kutoka sokoni, ndani kidogo ya mstari. Jirani yake anakaa mita mia mbili mbele, inje. Mama wa tatu anakaa mbali kabisa, kilometa 11.

Wa kwanza analipa franka 1,000 kwa kilometa 6, ni kama 167 kwa kila kilometa. Wa tatu analipa 2,000 kwa kilometa 11, ni kama 182. Hao wawili hawatofautiani sana. Lakini jirani wa mpakani analipa 2,000 kwa kilometa 6 na mita mia mbili, karibu franka 323 kwa kila kilometa. Yeye ndiye anayelipa ghali kuliko wote, hata kuliko yule wa mbali.

Akienda na kurudi siku sita kwa juma, amemzidi jirani yake kwa franka 12,000. Kwa majuma manne ni franka 48,000. Kwa mtu anayeuza fungu za mboga ao anayerudisha mtoto kwenye kituo cha afya kila mara, hiyo pesa haiko ndogo.

Ndiyo maana watu wa mpakani wanafanya kitu ambacho kila motari amekiona: wanashuka kabla ya mstari na kumalizia kwa mguu. Mahali pengine ni mazoezi tu. Katika territware ya Beni, ambako raia wanauawa tangu mwezi wa kumi 2014, kutembea kipande cha njia peke yako jua likizama ni jambo lingine. Kuna nyakati moto zilikatazwa kutembea usiku juu ya usalama, na aliyechelewa sokoni alijikuta hana moto wala mwanga. Mtu anachagua kati ya pesa na usalama wake, na sababu ni mahali mstari ulipopita.

Kuvuka kidogo, kulipa zaidi

Watu wa mpakani wako wa aina mbili. Aina ya kwanza ni huyu aliyeelezwa: anakaa inje kidogo na anaenda katikati ya mji. Aina ya pili anaumia zaidi, na mara nyingi anasahauliwa. Huyu haendi mjini kabisa. Anavuka mstari kwa kilometa moja tu, kwa sababu shule, kanisa, kinu ao kituo cha afya kiko ng'ambo. Safari yake ni fupi kuliko za wote, lakini imegusa zoni mbili, basi analipa zoni mbili.

Mwenye mzigo naye yumo. Mkulima wa kakao anayetoka shambani na gunia lake analipa kichwa chake na gunia. Akishushwa mpakani na kupanda moto ingine, bei inaanza upya kwa vyote viwili.

Shofere naye ana hesabu yake

Haiko haki kusema kila mwenye gari ni mwizi. Shofere anayetoka Butembo kwenda Beni ananunua mafuta ya njia nzima kabla hajajua nani atashukia wapi. Akimpa kiti mtu wa Maboya kwa nusu ya bei, na hapo Maboya asipate mwingine, kile kiti kinakwenda tupu mpaka mwisho. Kuko barieri njiani, kuko mvua, kuko matope yanayokula pneu. Motari naye akivuka mwisho wa mji anajua kwamba pengine atarudi bila mteja. Mara nyingi ile ngazi ya bei kwenye mpaka ni malipo ya kurudi mtupu.

Lakini hesabu hiyo ina upande wa pili. Siku ya soko, kile kiti cha Maboya hakikai tupu hata dakika tano. Mwingine anapanda pale pale na kulipa, na kiti kimoja kimeuzwa mara mbili. Ikiwa bei nzima inaombwa kwa sababu kiti kitabaki tupu, basi siku ambayo hakibaki tupu ile sababu imekwisha.

Kuko pia sababu ndogo ambayo wengi hawaifikirii: noti. Franka mia na franka mia mbili zinakosekana mkononi. Bei inaruka kutoka 1,000 kwenda 1,500 ao 2,000 kwa sababu hakuna wa kurudisha cheni ya 200. Mahali ambapo pesa ndogo imepotea, ngazi za bei zinakuwa ndefu, na anayekaa chini ya ngazi ndiye anayejikwaa.

Kinshasa: mstari unaotembea

Wakaaji wa Kinshasa wanajua shida ya namna hii kwa jina la demi-teren. Shofere anachukua njia moja ambayo ina bei moja, anaikata katikati. Abiria wanashushwa nusu ya safari, kisha wanaombwa kulipa tena kwa nusu iliyobaki, pengine katika gari ile ile. Wakuu wa mji wameikataza mara nyingi, lakini saa za watu wengi inarudi.

Tofauti yake na zoni ya kawaida ni moja. Zoni ya kawaida, hata kama ni mbaya, inakaa mahali pake, na mtu anaweza kuizoea, kupanga pesa yake, hata kuhama. Katika demi-teren mpaka unatembea. Unawekwa na anayepokea pesa, mahali na saa inayomfaa. Kabla ya kuuliza kama bei ni ya haki, lazima kwanza ijulikane mstari uko wapi, na kwamba kesho utakuwa pale pale.

Kigali na Dar es Salaam: kuhesabu kilometa

Kigali ilikuwa na shida inayofanana na ile ya Maboya. Kila njia ya basi ilikuwa na bei yake, na aliyepanda katikati ao kushuka mapema alilipa njia nzima. Mwezi wa kumi na mbili 2024, Rwanda ilianza majaribio ya kulipa kwa kilometa kwenye njia chache za Kigali. Abiria anagusisha kadi akipanda, anagusisha tena akishuka, na mashini inahesabu alipotembea. Iliwezekana kwa sababu watu walikuwa wamekwisha kuzoea kadi miaka mingi.

Dar es Salaam inatumia njia ya katikati. LATRA, mamlaka inayosimamia usafiri wa barabarani Tanzania, inapanga bei ya daladala kwa vipande vya kilometa. Katika bei zilizoanza mwezi wa kumi na mbili 2023, njia isiyozidi kilometa 10 ni shilingi 600, mpaka kilometa 15 ni 700, mpaka kilometa 20 ni 800. Hapo pia mpaka uko: njia ya kilometa 10 na njia ya kilometa 11 hazilipi sawa. Lakini ngazi ni shilingi 100 juu ya 600, yaani sehemu moja ya sita. Mtu anaongeza, lakini hairuki kuwa mara mbili. Kabla ya hapo ilikuwa 500 na 550, ngazi ya 50 tu. Hii inaonyesha kwamba bei zikipanda, inafaa kuangalia pia kama ngazi kati ya bei imepanda.

Dar es Salaam ilionyesha kitu kingine mwaka wa 2016, basi za mwendo kasi zilipoanza. Basi ndogo za pembeni zilikuwa shilingi 400, na basi za njia kuu 650. Kwa hesabu ya kawaida anayetumia zote mbili angelipa 1,050. Lakini iliwekwa tiketi ya pamoja ya 800. Kubadilisha gari hakukuhesabiwa kama kuanza safari mpya kabisa.

London na Paris: kulegeza mstari, kufuta mstari

London ina zoni zinazozunguka katikati ya mji kama duara ndani ya duara. Kuko vituo vya treni vilivyowekwa juu ya mstari wenyewe: kituo ni cha zoni zote mbili, na abiria anahesabiwa ile inayompa bei ndogo. Akienda upande wa katikati, ni mtu wa ndani. Akienda upande wa inje, ni mtu wa inje. Kituo cha Stratford, mashariki mwa London, kilikuwa zoni ya 3 mpaka mwezi wa kwanza 2016, kisha kikawekwa kwenye mpaka wa zoni ya 2 na ya 3. Reli haikusogea hata mita moja, lakini wakaaji walioenda katikati ya mji walianza kulipa kidogo. Mstari ulipigwa na watu ofisini, na watu hao hao waliusogeza.

Kwa basi zake, London haitumii zoni. Bei ni moja, na tangu mwezi wa tisa 2016 anayepanda basi ya pili ndani ya saa moja halipi tena.

Paris ilikwenda mbali zaidi. Kuanzia tarehe 1 mwezi wa kwanza 2025, tiketi ya metro na treni ikawa ya bei moja katika jimbo lote, euro 2.50 kwa mwaka ule wa 2025, na ya basi ilikuwa euro 2. Aliyekaa mbali, ambaye tiketi yake iliweza kufika euro 5, alishukuru. Lakini aliyekaa ndani ya mji, aliyekuwa akilipa 2.15 kwa safari fupi ya metro, sasa anaongeza. Mpaka ukifutwa, deni lake halipotei. Linagawanywa kwa wote, na hapo wengine wanauliza kwa nini walipie safari ya mtu wa mbali. Ni swali la haki pia, na kila mji unalijibu kwa namna yake.

Ni nini kinaweza kufanyika huku

Mashini za Kigali haziko Mangina, na reli ya London haiko Butembo. Lakini mengi ya yale mawazo hayaombi mashini.

La kwanza ni kuandika. Sheria ya Congo ya tarehe 9 mwezi wa saba 2018 kuhusu uhuru wa bei inaacha bei nyingi kwa soko, lakini usafiri wa watu wote unabaki kati ya vitu vichache ambavyo serikali inaweza kupangia bei, pamoja na maji, umeme na mafuta. Bei ikipangwa na ofisi ya mji, karatasi isiseme tu "ndani ya mji" na "inje ya mji". Itaje mahali: daraja lile, masanganjia yale, kanisa lile. Ikibandikwa kwenye parkingi, mabishano ya njiani yanapungua.

La pili ni kipande cha pamoja. Badala ya mstari mwembamba, kuwekwe kipande cha njia, tuseme kilometa moja kila upande, ambacho ni cha zoni zote mbili. Anayevuka kwenda kinu ao shule jirani analipa zoni moja. Hii inatibu kabisa ile aina ya pili ya watu wa mpakani.

La tatu ni kufupisha ngazi. Kutoka 1,000 kwenda 1,500 kisha 2,000 kunaumiza kidogo kuliko kuruka mara moja. Palipo kosa la noti ndogo, pesa ya simu inaweza kulipa hata franka 1,300 bila kutafuta cheni, ikiwa makato ya kutuma hayaimezi.

La ine ni bei ya katikati ya njia. Butembo na Beni zikipangiwa bei, Maboya na Kabasha ziandikwe pia. Shofere anayeogopa kiti tupu anaweza kupewa kitu juu ya nusu, lakini si bei nzima siku zote.

La tano ni nani anakaa kwenye meza. Bei ya transporti ikijadiliwa, wenye magari wako, chama cha mashofere ACCO kiko, viongozi wako. Wakaaji wa mpakani ni wachache kuliko wakaaji wa mji, na mara nyingi hawana wa kuwasemea. Wakubwa wa vijiji na wa mitaa ya mwisho, pamoja na shirika la raia, wanaweza kuwasilisha hesabu zao: nyumba ngapi, kilometa ngapi, franka ngapi kwa mwezi. Hesabu iliyoandikwa inasikilizwa kuliko malalamiko ya barabarani.

Hata yote haya yakifanyika, bado kutakuwa na nyumba moja ndani na nyumba ingine inje. Tofauti ni kama yule wa inje anaongeza franka mia chache, anazijua mapema na anafika kwake kwa moto, ao kama analipa mara mbili na kumalizia njia kwa mguu gizani.